Mkono Begani: Siku Saba za Rafiki

Filamu ya Rafiki inakaribia kwisha. Miaka imepita tangu mtaa umgeuke, na Kena amesoma, amekuwa daktari kama alivyoambiwa zamani kwamba anaweza. Amekaa peke yake mlimani, jiji liko chini yake. Sauti inamwita jina kutoka nyuma. Mkono unatua begani. Anageuka, uso wake unafunguka taratibu, na pazia linashuka. Hakuna busu. Hakuna hata neno la pili. Tunachoonyeshwa ni mkono tu.

Kisa kizima ninachotaka kukichambua hapa kilianzia kwenye mkono huo.

Rafiki ni filamu ya Kenya ya mwaka 2018. Aliyeiongoza ni Wanuri Kahiu, ambaye awali alishafanya From a Whisper na filamu fupi ya Pumzi. Imetokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyotwaa Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007. Kena, msichana anayecheza mpira na wavulana na kumsaidia baba dukani, anampenda Ziki, msichana mwenye misuko ya rangi za peremende. Baba zao wawili wanagombea kiti kimoja cha bunge la kaunti, mtaa ule ule. Ukiiondoa jinsia, ni kisa kikongwe: watoto wa mahasimu wawili wanapendana na wazazi wanagombana. Kahiu hakukificha kwamba alitaka kiwe kikongwe hivyo. Kwa muda mrefu amekuwa akitetea sanaa ya Kiafrika inayojipa ruhusa ya kucheka, kucheza na kupenda bila kubeba vita, njaa na maradhi kila mara, na mtindo huo ameupa jina la Afrobubblegum. Ndiyo maana picha za Rafiki zimejaa waridi, zambarau na njano, nguo zimeanikwa kila roshani, na muziki wa Muthoni Drummer Queen unaanza kabla hujakaa sawasawa kitini.

Aprili 2018 habari zilitoka kwamba filamu hiyo imechaguliwa kwenda kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, katika kitengo cha Un Certain Regard. Filamu ya Kenya ilikuwa haijawahi kufika pale. Mkuu wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya wakati huo, Ezekiel Mutua, alisikika redioni akiisifu, akisema inaeleza hali halisi ya wakati wetu na mambo yanayowakabili watoto wetu. Mwezi huohuo haujaisha, tarehe 27, bodi yake ikaipiga marufuku. Taarifa ya bodi ilitaja maudhui ya mapenzi ya jinsia moja na nia ya wazi ya kuyaeneza, kinyume cha sheria na cha maadili ya Wakenya walio wengi. Kuionyesha, kuiuza au hata kuwa na nakala yake kukawa kosa.

Kati ya sifa na marufuku kulitokea nini? Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilimwomba abadilishe mwisho. Ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Kena hakuonekana kujutia. Kama angekubali, filamu ingepewa daraja la watu wazima na kuendelea na safari yake. Alikataa.

Hapo ndipo kisa kinapokuwa kitamu kwa mchambuzi, maana ombi lile linatueleza kilichomwasha mkaguzi. Twende tuangalie matukio yaliyo kabla ya mwisho. Mama yake Ziki anawakuta wasichana jikoni wakibusiana. Wanakimbilia kwenye gari bovu lililotelekezwa, walilolifanya kijumba chao kwa maua na mishumaa. Wambeya wa mtaa wanawafumania humo. Kundi linawavuta nje, linawapiga, na kamera haina haraka ya kuondoka. Kisha kituo cha polisi, nyuso zimevimba, na askari wanawauliza kwa kejeli ni nani kati yao mwanamume. Baba yake Ziki anafika na kumzaba bintiye kofi mbele ya watu. Kena anapelekwa kanisani akaombewe pepo limtoke.

Kwa maelezo ya Kahiu, kipigo hakikuwa tatizo. Kofi halikuwa tatizo. Maombi ya kukemea pepo hayakuwa tatizo. Haya yote mtazamaji angeweza kuyaona akiwa mtu mzima, mradi filamu iishe kwa machozi. Uchi haumo, mapenzi yenyewe yanaonyeshwa kwa vidole vinavyotafutana na nyuso zilizopakwa rangi za kung'aa gizani katika ukumbi wa dansi. Kilicholeta ugomvi ni mkono begani. Bodi ilikuwa tayari kumvumilia mpenzi wa jinsia moja kwenye skrini kwa sharti moja, kwamba adhabu imkute na imbakie.

Na sharti hilo halikubuniwa Nairobi. Hollywood iliishi na kanuni zake za maadili kuanzia miaka ya 1930 hadi 1968, na hata zilipolegea, mhusika wa namna hii aliendelea kwa miaka mingi kuruhusiwa kuingia filamuni akiwa kichekesho, muuaji, au maiti ya dakika ya mwisho. Kwetu mlango wa kichekesho ndio uliofunguka zaidi. Mwanamume aliyejifunga kanga, kajaza matambara kifuani, anapiga soga kwa sauti nyembamba: hiyo ni bidhaa ya kila siku ya vichekesho vya televisheni, Kenya na Tanzania, watoto wanakaa sebuleni wanacheka na baba anacheka. Siku mhusika kama huyo atakapoacha kuchekesha na kusema ana mtu anayempenda, ndipo barua itakapoandikwa.

Niruhusiwe kupotea njia kidogo kwenye jina la filamu. Kahiu ameeleza kwamba alilichagua kwa sababu watu walio kwenye mapenzi ya namna hii Kenya hawawezi kumtambulisha mwenzao kama mpenzi, mume au mke. Husema tu, huyu ni rafiki yangu. Neno zuri, na kwa msemaji wa Kiswahili lina utamu wa ziada, maana halina jinsia. Lugha yetu haina jinsia kwenye viwakilishi pia. "Nampenda, naye ananipenda" ni sentensi ambayo kwa kawaida Mwingereza hawezi kuisema kwa lugha yake bila kutaja kama anayependwa ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunaweza kumaliza shairi zima, taarabu nzima, bila kumtaja. Kiswahili kilishampa mtu mahali pa kujificha kabla sinema haijazaliwa.

Lakini lugha hiyohiyo ina neno jingine lililosafiri njia mbaya: shoga. Pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, na bibi zetu waliitana hivyo bila kupepesa macho. "Shoga yangu, habari za tangu juzi?" Leo ukilitamka mjini bara, kichwa cha kila mtu kinageuka, kwa kuwa limeshakuwa tusi la kumtupia mwanamume. Neno la urafiki wa wanawake likageuka rungu. Filamu iitwayo Rafiki inapita njia ileile ikirudi nyuma: inachukua neno lisilo na doa na kulirudishia siri iliyokuwa ndani yake. Sidhani kama ni bahati tu kwamba bodi haikulalamikia jina.

Turudi mtaani. Watu wengi walioiandikia filamu hii walishughulika na busu na marufuku, wakaacha kilicho bora zaidi ndani yake, nacho ni wanawake wanaolinda mipaka ya uanawake. Kena ni yule ambaye mtaani angeitwa jikedume: kaptura, kofia, ubao wa magurudumu. Wavulana wanamkubali kama mmoja wao, wanataniana naye, na Blacksta, mwendesha boda boda, anamwona kabisa kama mchumba wa baadaye. Hakuna anayesumbuliwa na kaptura. Msichana anaweza kuvaa kivulana kwa sababu kila mtu anaamini ni msimu, utapita, ataolewa. Muhtasari wa filamu uliotumika kuitangaza ulisema hivi: mabinti wema wa Kenya huwa wake wema wa Kenya. Sentensi ile ni ahadi na ni kitisho pia.

Anayeilinda ahadi hiyo ni Mama Atim, mwenye kibanda. Muthoni Gathecha anamwigiza vizuri kiasi kwamba unamsikia kabla hujamwona. Hana cheo, hana sare. Ana benchi, soda na macho. Nani amekaa na nani, nani kamsogelea nani, nani kalipa. Binti yake Nduta, anayeigizwa na Nice Githinji, amerithi macho yaleyale. Angalia namna wasichana wawili wanavyokaa pale kibandani mwanzoni: meza moja, soda, na kati yao nafasi inayozidi kupungua kila wanaporudi. Kamera haituambii kitu. Mama Atim ndiye anayepima, nasi tunajikuta tunapima pamoja naye, na hapo mtazamaji anakuwa mmbeya bila kutaka. Ni ujanja mzuri sana wa uongozaji. Siku gari lile bovu linapofunguliwa, mikono ya kwanza inayowavuta nje inatoka kwenye benchi lile.

Mama yake Kena naye, Mercy, aliyeigizwa na Nini Wacera, ameachwa na mumewe, na mumewe ameoa mke mdogo anayetarajia mtoto wa kiume. Mercy amebaki na kanisa. Anachomfanyia binti yake kanisani ni cha kutisha, lakini filamu imetuonyesha alikotoka: mwanamke aliyeambiwa na mtaa mzima kwamba kosa la ndoa kuvunjika ni lake, sasa anaambiwa kosa la mtoto ni lake pia. Baba, John Mwaura, aliyeigizwa na Jimmi Gathu, ndiye anayemkumbatia Kena na kuhatarisha kura zake. Watazamaji wengi walimpenda. Mimi nina wasiwasi naye kidogo. Baba anaweza kuwa mwema kwa sababu mtaa haukumtuma yeye kulea heshima. Alipotoka nyumbani hakuna aliyemkemea pepo. Wema wake unalipiwa na Mercy. Kahiu anaigusa habari hii, kisha anaipita haraka.

Kuna mhusika mwingine ambaye sijamsahau, ingawa karibu hasemi. Ni kijana wa mtaa anayedhihakiwa kila apitapo, na wavulana wa boda boda hawamwachi. Mwanzoni Kena yupo pale kijiweni, anasikia, hasemi kitu. Baada ya kupigwa, Kena akiwa amekaa peke yake na uso uliovimba, kijana yule anakuja na kukaa kando yake. Hawazungumzi. Mtu aliyenyamazia mateso ya mwenzake sasa anapewa kampani na mwenzake huyo, bila kudaiwa. Kwa maoni yangu dakika ile ina uzito kuliko mbio zote za mapenzi zilizotangulia.

Haya, mahakamani. Septemba 2018 Kahiu na kikundi kiitwacho Creative Economy Working Group walifungua kesi Mahakama Kuu ya Nairobi dhidi ya bodi. Hoja yao kubwa ilikuwa uhuru wa kujieleza ulio kwenye Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010, dhidi ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962 bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu ya mlingoti. Lakini palikuwa na haraka ya aina nyingine. Ili filamu iwakilishe nchi kwenye tuzo za Oscar kitengo cha lugha za kigeni, ilitakiwa iwe imeonyeshwa kwenye kumbi za nchi yake siku saba mfululizo, na mwisho wa muda ulikuwa 30 Septemba.

Ijumaa ya tarehe 21, Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watazamaji wazima walio tayari kwa hiari yao. Katika uamuzi wake alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa kwa kutazama filamu tu. Alikumbusha pia kwamba wasanii wamewahi kulazimika kuzikimbia nchi zao kwa sababu kazi zao zilikwenda kinyume cha matarajio ya jamii. Ilikuwa amri ya muda. Jaji hakusema bodi imekosea. Alisema shauri lisubiri, filamu isisubiri.

Jumapili ya tarehe 23 watu walijipanga kwenye ukumbi wa sinema wa Prestige, Ngong Road, Nairobi. Tiketi ziliisha, maonyesho yakaongezwa, na Mombasa na Kisumu nako ikaonyeshwa. Iliripotiwa kwamba siku hizo saba ziliingiza takriban shilingi milioni 3.3, fedha ambazo filamu nyingi za Kenya hazizioni hata zikikaa ukumbini msimu mzima. Mtu akisema marufuku ndiyo iliyoitangaza, sitambishia. Bodi ilifanya kazi ambayo hakuna bajeti ya matangazo ya filamu ya Kenya ingeimudu. Ila kuna kitu kimoja ambacho udadisi pekee hauwezi kukieleza. Ukumbi wa sinema ni mahali pa hadhara. Mtu aliyezoea kutazama filamu za namna hii chumbani, spika za masikioni, skrini ya simu imegeuziwa ukutani, wiki ile aliweza kukaa gizani na watu mia wasiomjua, wakacheka naye pale pa kuchekesha na kunyamaza naye pale gari bovu linapofunguliwa. Taa zilipowaka, kila mmoja aliona nani mwingine alikuwemo.

Kamati ya Kenya ya Oscar ikaichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, kisa cha binti mgonjwa anayejiona shujaa wa sinema. Filamu nzuri, sina ugomvi nayo. Rafiki ikarudi kabatini siku saba zilipokwisha. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia, aliyemwigiza Kena na ambaye kabla ya hapo hakuwa mwigizaji wa filamu, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye FESPACO kule Ouagadougou, Burkina Faso. Sherehe kubwa ya sinema ya Afrika, kwenye ardhi ya Afrika, ilimpa heshima mtu ambaye nyumbani kumtazama kulikuwa kosa. Hoja ile ya kwamba filamu hii ni mzigo wa Wazungu, ambayo nimeisikia tangu Cannes, haina budi kujibu kuhusu Ouagadougou.

Hata hivyo sitaki kuisifia filamu zaidi ya inavyostahili kwa sababu tu ilionewa. Ina udhaifu, na kuunyamazia ni kuidharau. Siasa za baba zao ni kama mapambo. Uchaguzi ungeondolewa na hakuna ambacho kingeanguka. Wasichana wanazungumza Kiingereza mahali ambapo vijana wa Nairobi wangeteleza kwenye Sheng' bila kujua wameteleza, na pale juu ya paa, wanapoahidiana kutofanana na watu walio kule chini, unasikia mwandishi akisema badala yao. Ziki hasa hakupewa maisha yake mwenyewe. Sheila Munyiva anamjaza kwa uchangamfu, lakini tunamjua kwa misuko, kicheko na ndoto ya kusafiri. Kena ana duka, mama, baba, mitihani. Mapenzi yakivunjika, mmoja anapoteza dunia na mwingine anapelekwa London. Nilitamani kujua Ziki aliishi vipi huko.

Kahiu hakuwa wa kwanza kugonga mlango huu. Mwaka 2014 kundi la The Nest lilitengeneza Stories of Our Lives, visa vitano vyeusi na vyeupe vilivyotokana na simulizi za watu halisi. Ilitazamwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, bodi ikaipiga marufuku, na mtayarishaji wake mmoja akakamatwa kwa madai ya kupiga picha bila leseni kabla ya mashtaka kuondolewa. Na Septemba 2021 ikapigwa marufuku I Am Samuel ya Peter Murimi, filamu ya maisha halisi kuhusu mwanamume na mwenzi wake na wazazi wake wa kijijini. Filamu tatu, mitindo mitatu isiyofanana hata chembe, na jibu moja.

Ile ya Murimi inanirudisha kwenye mkono begani, kwa sababu ndani yake hakuna mwisho uliotungwa na mtu. Samuel ni mtu, ana baba mchungaji, na filamu inaisha pale maisha yalipokuwa yamefika. Bodi haikuwa na mwandishi wa kumwomba abadilishe tamati. Ikaamua tu kwamba ni kinyume cha Katiba na inaeneza kisichokubalika.

Mahakama Kuu ilipolisikiliza shauri la Rafiki hadi mwisho, Jaji James Makau alilitupa tarehe 29 Aprili 2020. Aliona marufuku ilikuwa kizuizi halali cha uhuru wa kujieleza, na kwamba bodi ilitenda ndani ya mamlaka yake. Wakati huo Nairobi ilikuwa chini ya amri ya kutotoka usiku kwa ajili ya korona na kumbi zote za sinema zilikuwa zimefungwa, Prestige ikiwemo, kwa hiyo siku ile hakuna filamu yoyote ambayo mtu angeweza kwenda kuitazama, iwe halali au haramu.